Je, Heschel alibaki Mhasidi? Jibu refu kwa msomaji aliyeuliza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimekuwa nasoma habari za Abraham Joshua Heschel, yule Myahudi mwenye ndevu aliyeandamana na Martin Luther King. Kila anayemwandika anasema katoka ukoo wa Wahasidi na kwamba falsafa yake ina harufu ya Uhasidi. Sasa mi nauliza hiyo harufu iko wapi hasa? Mbona alisoma Berlin, akafundisha vyuo ambavyo si vya Wahasidi, na hakuwa rebe, yaani kiongozi wa Wahasidi, kama baba yake? Isije ikawa ni pambo la wasifu tu. Na je, huo Uhasidi ni kama tarika zetu huku pwani?"

Marahaba ndugu yangu, na unisamehe kwa kukuweka. Nilianza kukujibu kwa mistari mitano nikafuta, nikaona hili ni la kukaa chini na chai. Jibu langu naliweka hapa hapa juu ili hata ukichoka katikati usiondoke mikono mitupu: sio pambo. Ukimvua Heschel Uhasidi anabaki mtu mwingine kabisa, maana lile wazo lake kubwa kuliko yote, kwamba Mungu anamhitaji mwanadamu na anamtafuta, hakulipata Berlin wala kwa Aristotle, alilikuta mezani kwa baba yake. Berlin ilimpa lugha ya kulisemea mbele ya maprofesa. Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo, na wapi wenzangu wengine hawakubali.

Kwanza neno lenyewe. Hasidi kwa Kiebrania ni mcha Mungu, mtu anayejitoa kupita kile kinachodaiwa. Ila siku hizi tukisema Wahasidi tunamaanisha watu wa ile harakati iliyoanza karne ya 18 huko Podolia, sehemu ya Ukraine ya leo, kwa mtu anaitwa Israel ben Eliezer, maarufu kama Baal Shem Tov, aliyefariki 1760 kwenye mji mdogo wa Medzhybizh. Wayahudi wa kule walikuwa bado wanabeba kumbukumbu ya mababu kuchinjwa kwenye machafuko ya 1648, alafu 1666 yule Sabbatai Zevi ambaye wengi walimdhania ndiye Masihi akasilimu mbele ya Sultani wa Uturuki, kwahiyo watu walikuwa wameumwa na nyoka tayari, na heshima ya dini ilikuwa imebaki kwa wasomi wa Talmudi, yaani vile vitabu vikubwa vya sheria na mijadala ya marabi, we ambaye hujui kusoma ni kama huna chako mbinguni. Baal Shem Tov akaja na habari nyingine. Hamna pahala palipo patupu pasipo Mungu. Unaweza kumkuta kwenye sala na unaweza kumkuta unakula, unauza farasi, unacheza, ilimradi nia iwepo, na hiyo nia wenyewe wanaiita kavana. Huzuni wakaipiga vita kweli kweli, furaha ikawa ni ibada. Wasomi wa Vilna, mji wa Lithuania ya leo, wakakasirika, 1772 wakawapiga marufuku, haikusaidia kitu.

Kuhusu tarika: mtu wa Lamu au Tanga akiingia kwenye nyumba ya rebe hatajiona mgeni sana. Rebe ni kama sheikh wa tarika, wafuasi ni kama murid, uongozi unarithiwa kwenye ukoo, makaburi ya marebe yanazuriwa na siku rebe alipofariki inakumbukwa kila mwaka kama tunavyofanya hauli. Hata tabaruku ipo. Ijumaa usiku, Sabato imeshaingia, chumba kimejaa wanaume, meza ndefu, rebe kakaa kichwani. Inaletwa sahani ya samaki, rebe anaonja kidogo, anaisukuma, na hapo hapo mikono inaingia kutoka kila upande, watu wazima wenye ndevu wanagombania punje, maana alichogusa rebe kina baraka. Alafu mtu mmoja anaanza wimbo usio na maneno, wanauita nigun, sauti tupu, unaanzia chini unapanda, wote wanaupokea, unazunguka na kuzunguka mpaka kuta zinatoa jasho. Ukishawahi kukaa kwenye dhikiri usiku unajua naongelea nini. Lakini kufanana kwa sura sio undugu wa damu, mizizi ya Uhasidi iko kwenye Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, na kwenye Talmudi, na ukianza kutafsiri kila kitu chao kwa chetu utakosa kitu muhimu, nitakirudia huko mbele.

Heschel alizaliwa Warsaw 1907 ndani ya nyumba ya namna hiyo. Baba yake alikuwa rebe kwenye mtaa wa Wayahudi wa hali ya chini, sio wale marebe wenye majumba. Ila nasaba, bana! Jina lenyewe Abraham Joshua Heschel ni la babu yake mkuu, Rebe wa Apt, aliyefariki 1825. Kwenye mti wa ukoo yumo Dov Ber wa Mezeritch ambaye ndiye aliyeshika uongozi baada ya Baal Shem Tov, yumo Levi Yitzhak wa Berdichev ambaye anasimuliwa mpaka leo kwa kumshtaki Mungu, yaani anasimama kwenye sala anamwambia Mwenyezi Mungu waziwazi kwamba unawaonea watu wako na mi siondoki hapa mpaka tuelewane. Kwa lugha ya kwetu ungesema mtoto ni sharifu pande zote mbili. Wanasimulia kwamba watu wazima walikuwa wanasimama akiingia chumbani. Baba akafariki 1916 mtoto ana miaka tisa, na akili za ukoo mzima zikaanza kumwangalia yeye.

Hapo kuna jambo ambalo wengi wanaoandika "harufu ya Uhasidi" wanaliruka. Huyu mtoto alilelewa kwenye Uhasidi wa aina mbili zinazopigana. Nyumbani ilikuwa ni Medzhybizh, yaani njia ya Baal Shem Tov, huruma, furaha, kila mtu ana cheche ndani yake. Alafu mwalimu wake akamwingizia Kotzk. Kotzk ni mji wa Poland na ni jina la njia ya Menachem Mendel wa Kotzk, 1787 mpaka 1859, mtu mkali kuliko siki, ambaye hakuandika kitabu, hakuvumilia unafiki hata tone, na karibu miaka ishirini ya mwisho ya maisha yake alijifungia ndani hataki kuonana na watu. Kwa Baal Shem Tov kitu cha kwanza ni upendo, kwa Kotzk ni ukweli, na ukweli ule unaanza kwa kukuchana wewe mwenyewe, unasali kwa sababu gani hasa, sio kwa sababu jana ulisali? Heschel mwenyewe, uzeeni, aliandika kwamba Baal Shem alimpa mabawa na yule wa Kotzk akamzungushia minyororo, na kwamba mmoja alikuwa kwake kama taa na mwingine kama radi. Ukishika hili, maandishi yake yote yanafunguka, kwa sababu kila kitabu chake kina hiyo taa na hiyo radi, ukurasa mmoja anakubembeleza, ukurasa wa pili anakuvua nguo.

Sasa twende Berlin. Kijana alitoka Warsaw akapitia Vilna, akasoma masomo ya kisekula, akaandika mashairi ya Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, yakatoka kitabu 1933, na huko mbele utaona kwa nini nayataja. Chuo Kikuu cha Berlin aliingia 1927. Fikiria huyo sharifu wa miaka ishirini kakaa darasani, mbele kuna profesa anaongea kuhusu Mungu, na Mungu wa profesa ni wazo. Ni wazo zuri, linasaidia maadili, akili inalihitaji ili mahesabu yake yakae sawa. Kant, yule mwanafalsafa mkubwa wa Kijerumani, alishasema na kila mtu anarudia. Hamna mtu darasani anayeuliza kama huyo Mungu yupo saa hii, hapa, na anataka nini. Heschel alikuja kueleza baadaye kwamba maswali yake yeye na maswali yao yalikuwa hayakutani, wao walikuwa wanaanzia kwa mwanadamu wanapanda juu, yeye alilelewa nyumba ambayo swali linashuka.

Kuna jioni moja aliyoisimulia mwenyewe miaka ya 50 na mi kila nikiifundisha naisoma taratibu. Anatembea mitaa ya Berlin, kichwa kimejaa majumba makubwa, makumbusho, muziki, maonyesho ya kwenda kuona. Ghafla anagundua jua limezama. Na kichwani inamjia ile sentensi ya kwanza kabisa ya Mishna, kitabu cha kale cha sheria za marabi, sentensi ambayo kila mtoto wa Kiyahudi anayesoma anaikuta: kuanzia saa ngapi mtu anasoma Shema ya jioni? Yaani wakati wa sala umeingia, na yeye kasahau. Anasema nilikuwa nimemsahau Mungu, nilikuwa nimesahau kwamba kuzama kwa jua ni kazi yangu. Akaanza kutamka sala ya jioni pale pale njiani. Na wakati anasali, sikioni linamlilia lile shairi maarufu la Goethe, mshairi mkubwa wa Wajerumani, kuhusu utulivu juu ya vilele vyote vya milima, akalisukuma pembeni, kwa sababu utulivu ule kwake ni ukimya wa kaburi, ulimwengu ambao nyuma yake hamna anayekuita. Angalia mwenyewe, mtu yuko katikati ya Berlin ya maprofesa na jambo linalomrudisha nyumbani ni wakati wa sala, wazo liko nyuma. Mtu yeyote wa kwetu ambaye magharibi imemkuta kwenye daladala akaanza kuangalia saa anaelewa hilo bila falsafa.

Tasnifu yake aliikabidhi Desemba 1932, wiki chache kabla Hitler hajashika madaraka, ikachapwa Kraków 1936. Inahusu manabii wa Biblia. Na hapa ndo penye moyo wa swali lako.

Wataalamu wa wakati ule walikuwa wanawasoma manabii kwa njia mbili. Kuna waliosema nabii ni mwalimu wa maadili, kagundua Mungu mmoja maana yake haki moja, vizuri sana. Na kuna waliosema nabii ni mtu wa kupandwa na hali, kama mganga. Heschel akasema nyie wote hamjaona kitu. Msomeni Hosea, msomeni Yeremia. Nabii ni mtu aliyeshirikishwa uchungu wa Mungu. Mungu wa manabii anaumia, anakasirika, anajuta, anangoja, na nabii ni yule ambaye ule uchungu umemwingia mwilini mpaka hawezi kulala. Hilo akaliita patosi ya Mungu, na upande wa nabii akauita kuumia pamoja. Ndio maana Amosi anafoka kuhusu maskini aliyeuzwa kwa jozi ya viatu kana kwamba mbingu zinaanguka. Kwetu ni kesi ya mtaani tu, mwenyekiti angeimaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa Mungu ni jeraha.

Sasa swali, hayo si yamo kwenye Biblia yenyewe, Uhasidi unaingiaje? Wenzangu wengine wanasema hivyo, kwamba manabii wanatosha na huhitaji kutafuta rebe nyuma ya pazia. Nawaelewa ila sikubaliani nao. Hosea alikuwa mezani kwa kila mtu Berlin, kwa nini ni huyu tu aliyeona uchungu? Jicho lake lilifundishwa mapema. Yule babu yake wa Mezeritch alikuwa anafundisha jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unashtuka: mtu akisimama kusali asiombe kwa ajili ya shida zake, aombe kwa ajili ya Shekina. Shekina ni ule Uwepo wa Mungu unaokaa na watu, neno ni ndugu na sakina ya Kiarabu unayoijua, na marabi wa zamani walishasema kwamba Wayahudi walipopelekwa uhamishoni Shekina alikwenda nao. Kwahiyo ukiumwa, ukifiwa, ukidaiwa, jua kuna uchungu juu ya uchungu wako, na sala ni kuugua pamoja na huo. Kabala nayo ina msemo kwamba ibada ni hitaji la Aliye Juu. Mtoto aliyekulia kwenye maneno haya, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu akifungua Yeremia, ataona nini? Ataona alichokiona Heschel. Kisha anakiandika kwa Kijerumani cha chuoni na istilahi za fenomenolojia, ile falsafa ya kuchambua jinsi jambo linavyomjia mtu, ili kamati impitishe, na ikampitisha.

Baadaye, Marekani, alilitoa hadharani bila istilahi. Kitabu chake cha 1955 jina lake ukilitafsiri ni Mungu Anamtafuta Mwanadamu, na swali la kwanza la Biblia ambalo Mungu anamuuliza mtu, lile la bustanini, "Uko wapi?", kwake ndo historia yote ya dini. Sisi tunajificha nyuma ya miti, Yeye anaita. Anapenda pia kurudia tafsiri moja ya kale ya marabi juu ya Isaya 43, "ninyi ni mashahidi wangu": mkiwa mashahidi wangu mimi ni Mungu, msipokuwa mashahidi wangu, ni kana kwamba mimi si Mungu. Hiyo "ni kana kwamba" ishike vizuri, marabi hawaitumii ovyo.

Najua msomaji Mwislamu hapa kashakunja uso, na anayo haki. Hii si tashbihi, kumfananisha Mungu na viumbe? Mungu anaumia, Mungu anahitaji? Kumbe hata kwa Wayahudi ugomvi ni ule ule. Maimonides, mkubwa wa wanafalsafa wao wa zama za kati, aliyefariki 1204 na aliyekuwa anaandika kwa Kiarabu, alisema Mungu hana hisia kabisa na maneno yote ya hasira na huruma kwenye Torati ni lugha ya binadamu tu. Na cha kuchekesha ni kwamba Heschel ndiye aliyeandika wasifu wa Maimonides, 1935, na anamheshimu sana. Mwaka 1964 rabi mwingine msomi, Eliezer Berkovits, alimshambulia kwamba hii teolojia ya patosi inamfanya Mungu kama mtu na inakaribia ya Wakristo. Heschel utetezi wake ni kwamba hasemi Mungu ndani ya dhati yake yukoje, hilo hakuna anayeligusa, anasema jinsi anavyotuelekea. Patosi ni uhusiano, ni Mungu kuamua kujali. Na anaongeza kwamba Mungu asiyetikisika na kitu alitoka Ugiriki, hakutoka Sinai. Mi kwa upande wangu naona utetezi unasimama kwa mguu mmoja na nusu, maana ukishasema Mungu anahitaji, hata ukisema ni kwa hiari yake, umefungua mlango ambao Maimonides alikuwa na sababu za kuufunga. Lakini ona ni mlango upi: ni ule ule wa Levi Yitzhak wa Berdichev, huwezi kumshtaki Mungu asiyejali.

Mshangao nitaupitia haraka kwa sababu wengi wameuandika. Heschel anasema dini inaanza na mshangao, na tofauti yake na Wagiriki ni kwamba wao mshangao ukipata jibu unakwisha, wake hauishi, unaamka nao kesho. Hii ni Baal Shem Tov mtupu, ile imani kwamba ulimwengu unaumbwa upya kila siku na Mungu akiacha nukta moja hamna kitu. Kuhusu yale mashairi ya ujanani, kuna maneno aliyoyaweka kwenye utangulizi wake: hakuomba mafanikio, aliomba mshangao, na akapewa. Sabato nayo, aliyoiandikia kitabu 1951 na kuiita kasri ndani ya wakati, imejaa zile Ijumaa usiku za Warsaw, nani anayeweza kuandika vile kwa kusoma tu.

Cha kukaa nacho zaidi ni miguu. Machi 21, 1965, Selma, jimbo la Alabama, yupo mstari wa mbele na Martin Luther King, mwenzake King Ralph Abernathy, na mwanadiplomasia Ralph Bunche, wana mashada ya maua shingoni, nyuma kuna maelfu wanaodai haki ya kupiga kura, na wiki mbili tu kabla yake waandamanaji walipigwa na polisi kwenye daraja pale pale. Akirudi akasema alihisi miguu yake inasali. Watu wameligeuza neno hili kuwa la kuchapa kwenye fulana, na wanalielewa kama vile alisema siasa ni bora kuliko sala, au kuandamana kunatosha huna haja ya kwenda sinagogi. Hapana jamani. Mtu aliyesema hivyo alikuwa anasali kila siku kwa wakati wake. Kwa Wahasidi mwili kusali ni mafundisho kabisa, wanautumia ule mstari wa Zaburi 35, mifupa yangu yote itasema, na wapinzani wao walikuwa wanawacheka jinsi wanavyotikisika na kurusha mikono kwenye sala. Baal Shem Tov anasimuliwa kuwajibu hivi: mtu akizama mtoni anarusha mikono na miguu ili ajiokoe, nani mwenye akili atasimama ukingoni amcheke? Tena wana fundisho la kumwabudu Mungu kwa vitu vya mwili, kula, kutembea, kufanya biashara. Kwahiyo Heschel alipoona miguu yake inasali njiani Selma, alikuwa anasema kitu ambacho Mhasidi yeyote wa Medzhybizh angekielewa, jambo jipya ni barabara.

Na ni hapa pia ile tofauti niliyokuahidi na tarika inapotokea. Murid wengi wanafundishwa kufuta nafsi mpaka ibaki dhati tu, fana. Wapo Wahasidi wanaofundisha kitu kinachofanana sana. Heschel upande huo hakwenda. Kwake nabii haungani na Mungu akapotea, anabaki mtu, ana hasira yake, anabishana, na anarudishwa mtaani kwa yule maskini aliyeuzwa kwa viatu. Na anaanza na tendo, anasema Myahudi anaombwa kuruka kwa matendo, fanya kwanza utaelewa ukiwa ndani, tofauti na wale wanaosema ruka kwa imani kwanza.

Watu huwa wananiuliza na Martin Buber je, yule mwanafalsafa wa Kiyahudi, si yeye ndiye wa Uhasidi? Buber aliwajulisha Wazungu Uhasidi kwa zile hadithi zake tangu 1906, na Heschel alimheshimu, 1937 Buber ndiye aliyemchagua kumrithi kazi ya kufundisha watu wazima Frankfurt. Ila Buber alikuwa anautazama Uhasidi kutoka dirishani, alichukua hadithi akaacha amri za Torati, hakujiona amefungwa nazo. Heschel alikuwa ndani ya nyumba. Alipofika Cincinnati 1940, chuo kilichomwokoa na Wanazi kilikuwa cha Wayahudi wa Mageuzi, wale waliolegeza sheria za kale, na jiko lao halikufuata sheria za chakula, basi profesa mtarajiwa alikuwa anaweka vyakula vyake chumbani. Sheria bila kavana aliikemea vikali, ila kavana bila sheria hakuitaka.

Na Kotzk? Kotzk alirudi mwishoni. Oktoba 28, 1938 Wajerumani walimfukuza usiku Frankfurt wakamrudisha Poland, na alitoka Warsaw wiki sita hivi kabla ya uvamizi wa 1939. Mama yake na dada zake watatu walikufa mikononi mwa Wanazi au kwa mabomu yao. Warsaw ile ya sahani ya samaki na nyimbo zisizo na maneno haipo tena, imechomwa na watu wake. Baada ya hapo furaha ya Baal Shem peke yake haitoshi, nadhani unaona, na miaka ya mwisho, huku akipinga vita ya Vietnam mpaka baadhi ya Wayahudi wenzake wanamnunia, alikuwa anaandika kuhusu yule mzee wa Kotzk aliyejifungia, kwa Kiyidishi juzuu mbili na kwa Kiingereza kitabu kimoja, vyote vikatoka 1973 yeye akiwa ameshafariki. Ni kitabu kikali. Anauliza kama uongo umejaa duniani hivi, Mungu yuko wapi na ukweli wake, na jibu rahisi hatoi. Ukitaka kujua kama Uhasidi kwake ulikuwa pambo, soma hicho, mtu hapambi nyumba kwa radi.

Sasa kwa nini hakuwa rebe. Nafasi ilikuwepo na ukoo uliitarajia. New York alikoishi kuanzia 1945 alikuwepo shemeji yake na binamu yake, mwenye jina lile lile Abraham Joshua Heschel, Rebe wa Kopyczynce, mume wa dada yake, na sikukuu profesa alikuwa anaenda kukaa kwenye meza ile kama mtu wa nyumbani. Jumatatu anarudi kufundisha chuo ambacho wenzake wengi walithamini zaidi uchambuzi wa Talmudi kuliko hayo mambo yake ya moyo. Alikuwa na mpango wa kuandika historia kamili ya Baal Shem Tov, alichimba nyaraka na kuandika tafiti kadhaa nzuri juu ya masahaba wake, kitabu kizima hakikuwahi kutoka. Alifariki usingizini, usiku wa kuamkia Jumamosi, Desemba 23, 1972, ndani ya Sabato. Wanaosimulia wanasema pembeni ya kitanda vilikutwa vitabu viwili alivyokuwa anasoma, kimoja ni cha kale cha Wahasidi na kingine ni cha vita ya Vietnam.